TIP (kibali cha muda cha kuingiza chombo Tanzania) ya pikipiki ya Kenya: naweza kutokea Holili na kurudi kwa Horohoro? (Taita – Mombasa – Tanga – Lushoto)

Kutoka: Kijana wa Soweto, Moshi

Assalaam aleikum na habari za jioni, ndugu zangu Wakenya tunaoishi Arusha na Moshi.

Nimetoka mpakani leo, nimechoka kabisa. Pikipiki yangu mnaijua, ile 250 yenye namba ya Kenya, KM. Logbook (kadi ya umiliki) ina jina la kaka yangu aliyeko Mombasa, na siku zote barua yake ya idhini pamoja na nakala ya kitambulisho chake zilitosha. Leo dirisha la forodha wamenirudishia barua, wanataka muhuri wa wakili. Nikakubali. Kisha afisa wa pili akaongeza kwamba chombo lazima kitokee pale pale kilipoingilia, ama sivyo TIP inabaki wazi kwenye mfumo na mimi nitadaiwa ushuru wote. Nikaomba nioneshwe palipoandikwa. Nikaambiwa nisogee, wengine wapite.

Sasa, Januari mimi na binamu yangu tumepanga safari ambayo tumeizungumza tangu tukiwa shule: Moshi, Himo, Holili, Taveta, Mwatate, tupande Wundanyi, tushuke Voi hadi Mombasa, halafu pwani ya kusini hadi Lunga Lunga, tuvuke Horohoro, Tanga, Pangani, turudi Muheza, Korogwe, Mombo, tupande Lushoto, tumalizie Same na Mwanga. Milima, bahari, halafu milima tena. Nikilazimishwa kurudi kwa mpaka ule ule, duara lote limevunjika.

Swali langu ni moja: kuna aliyefunga TIP mpaka mmoja na kufungua nyingine mpaka mwingine, kwa chombo kisicho na jina lake?


Kutoka: Mwalimu wa Sakina

Kijana, mimi langu lilikuwa gari, tena lilikuwa na jina langu, na bado nilikaa mpakani kutoka alfajiri hadi adhuhuri kwa sababu bima niliyolipia Nairobi haikuonekana kwenye kompyuta yao. Karatasi ninayo mkononi, muhuri upo, mtu ananiambia haipo. Wewe shughulikia bima kwanza. Na usijisumbue na kadi ya njano ya COMESA (bima moja ya magari inayotambuliwa nchi nyingi), Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, zamani. Kata bima ya hapa.


Kutoka: Bi Mkubwa wa Njiro

Mwalimu, kwa heshima yako, hapo umepotosha watu. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, hilo kweli. Lakini haikujitoa kwenye mpango wa kadi ya njano. Kadi inakubalika hapa, malori yanapita nayo kila siku. Watu wanasoma humu halafu wanakwenda kulipa bima mara mbili bila sababu. Kijana, mwambie kaka yako aende kwa kampuni yake ya bima huko Mombasa, iandikwe Tanzania waziwazi, na namba ya injini iandikwe sawasawa na ilivyo kwenye logbook.

Na huyo binamu anatoka wapi? Kama anatoka Mombasa kwa kitambulisho tu, asije. Kenya, Uganda na Rwanda ndizo zinazopokeana kwa kitambulisho. Tanzania ni pasipoti au hati ya muda. Awe pia na cheti cha homa ya manjano.


Kutoka: Fundi wa Pasua

Karatasi nawaachia wenye karatasi. Mimi nizungumze njia, maana naona kijana ameandika "tupande Lushoto" kana kwamba ni kwenda hapo jirani Kiboriloni.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na kidogo, lami yote, na unapanda zaidi ya mita 900. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, mto uko chini yako, na hadi ufike Soni hakuna mahali pa kupumzisha mkono. Kupanda si tabu. Tabu ni kushuka, maana kwa lami njia ya kurudi ni ile ile. Malori ya kabichi na karoti yanashuka asubuhi yamejaa hadi juu ya turubai, na dereva wa lori akiikata kona anachukua upande wako pia, hana namna. Kwa hiyo kila kona iliyofichwa na jabali piga honi kabla, kaa kushoto kabisa, na usikilize kama umejibiwa. Kuna kona ambazo jabali linatoa maji hata kiangazi, lami inakuwa nyeusi na inateleza. Ukiiona nyeusi, pikipiki iwe imesimama wima, usiilaze, na breki uwe umeshazimaliza huko nyuma.

Shuka na gia ya pili, ya tatu pale panaponyooka. Anayeshuka kwa klachi akitegemea breki ya nyuma, akifika Mombo anatoa harufu ya kuungua na kanyagio limelegea. Pikipiki za namna hiyo nimezifungua hapa gereji, pedi imebaki chuma kitupu.

Januari ni wakati mzuri, vuli imekwisha na masika hayajaanza. Ila huko juu Magamba ukungu huwapo hata kiangazi. Ondokeni Lushoto jua likishapanda.


Kutoka: Mtaita wa Rau

Fundi amesema vizuri, lakini mbona watu wanaruka Taita kama kituo cha mafuta? Kutoka Mwatate kupanda Wundanyi ni fupi, lakini kona zake hazina aibu mbele ya Soni. Unaacha mkonge na joto huku chini, unapanda dakika chache tu, umeshaingia kwenye migomba na mawe makubwa na hewa ya baridi. Kilele cha Vuria kiko zaidi ya mita 2,200. Asubuhi kukiwa wazi, Kilimanjaro unauona kutoka upande ambao watu wa Moshi hawaujui.

Kijana, jambo moja zito. Taveta hadi Mwatate lami ni nzuri na imenyooka, na ndiyo hatari yake, maana inapita ndani ya Tsavo Magharibi. Ndovu wanavuka barabara. Ondoka Taveta asubuhi, na ikiwa forodha imekuchelewesha hadi alasiri, lala Taveta. Usiku kwa pikipiki usithubutu. Kwetu Maktau watu wamezika vijana kwa sababu ya kukimbizana na jua.


Kutoka: Kijana wa Soweto, Moshi

Fundi, Mtaita, Mungu awalipe, nimeandika yote. Bi Mkubwa, binamu ana pasipoti, yuko Himo kwa kazi na kibali chake cha ukaazi ni cha daraja B, cha ajira, kama mimi.

Lakini ile TIP?


Kutoka: Mwalimu wa Sakina

Mara ngapi tuseme humu: mwenye kibali cha ukaazi si mgeni. TIP ni ya mgeni anayepita. Ukiwa na daraja B na nyumba Soweto, siku wakikubana watakuuliza kwa nini pikipiki haijalipiwa ushuru ikapewa namba ya Tanzania ya MC. Hilo ndilo swali lako, Holili na Horohoro ni mambo madogo.


Kutoka: Bi Mkubwa wa Njiro

Mwalimu, hakuuliza hilo. Na ukiwatisha watu hivi hakuna atakayeandika tena shida yake humu.


Kutoka: Mwalimu wa Sakina

Sitishi mtu, Bi. Namwambia jambo ambalo afisa atamwambia kwa sauti kubwa mbele ya watu.


Kutoka: Ami wa Unga Limited

Wanangu, tulizeni roho.

Mimi nilikuwa kijana Taveta mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokufa na mpaka ukafungwa. Mama mzazi upande huu, dada zake upande ule. Ulifunguliwa 1983, na katika miaka ile bibi yetu alifariki na nusu ya watoto wake hawakumzika. Kwa hiyo nikisikia kijana ameambiwa "sogea wengine wapite" kwa sababu ya barua ya kaka yake, sioni ni jambo dogo. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini hapa hapa Arusha, Novemba 1999. Soko la pamoja limeanza Julai 2010. Mimi nilidhani wajukuu zangu watavuka Holili kama ninavyovuka daraja la Themi. Halafu mwaka 2025 Tanzania ikatoa amri ya kuzuia wageni kwenye biashara ndogo ndogo, na sisi tukahesabiwa wageni pamoja na watu waliotoka ng'ambo ya bahari. Nairobi nako wakanuna, wakataka kulipiza. Wanaoumia ni wenye kibanda na wenye pikipiki, pande zote mbili.

Nendeni, wanangu. Mkifika kilima cha Salaita, karibu na Taveta, simameni kidogo. Februari 1916 Waingereza na Wajerumani waliuana pale, na wapagazi wetu wakafa bila kuandikwa majina. Watoto wetu wanapita tu.


Kutoka: Mtaita wa Rau

Ami, shikamoo. Babu yangu upande wa baba alichukuliwa upagazi kutoka Bura na hakurudi. Ahsante kwa kulitaja.


Kutoka: Mpemba wa Kaloleni, Arusha

Samahani naingia kati. Mimi naijua pwani ya Tanga kwa kuvua na kuuza samaki, kijana asidanganyike na ramani. Kutoka Likoni hadi Lunga Lunga barabara iko karibu na bahari lakini bahari huioni, ila ukate kushoto kuingia Diani, Msambweni au Shimoni. Kwa macho, bora Tanga kwenda Pangani. Pale Kigombe minazi na mibuyu iko mpaka ufukweni na upepo wa chumvi unakupiga kifuani. Kuna ujenzi, basi tazameni michepuko, vumbi lake ni laini na linaficha mashimo. Pangani laleni karibu na mto. Alfajiri mashua zinarudi, na samaki mnanunua kwa bei ya mvuvi.


Kutoka: Bi Mkubwa wa Njiro

Jamani mmenitonesha. Hapa Arusha nina kila kitu, namshukuru Mungu, lakini mahamri ya hapa si mahamri, iliki inatiwa kwa kuhurumiana na tui hawatii kabisa. Kijana, ukifika Mombasa usipite barabara ya Dongo Kundu, ile inayozunguka mji, kwa haraka ya kukwepa feri. Ingia mjini. Kula mbaazi za nazi Mji wa Kale asubuhi, na vuka Likoni na watu. Nilivuka na marehemu mume wangu kila siku kwenda kazini, yeye akisimama upande wa jua ili mimi nikae kivulini. Ukipata nafasi niletee achari ya ndimu, ile ya chupa, nitakulipa.


Kutoka: Kijana wa Soweto, Moshi

Bi, achari utaipata, na hutalipa.

Nimezungumza na kaka. Ataenda kwa wakili Jumatatu, na ameniambia afadhali logbook aihamishie jina langu kwa NTSA (mamlaka ya usafiri ya Kenya) kabisa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, ili barua isihitajike tena. Kwa hiyo la jina limekwisha. Lililobaki ni la kutokea mpaka mwingine. Kuna rafiki wa Himo anasema alishafanya na hakuulizwa kitu. Mwingine, wa Tarakea, anasema alizuiwa, akarudishwa njia nzima. Wote wawili nawaamini.


Kutoka: Fundi wa Pasua

Basi omba jibu kwa maandishi kabla ya safari, na andika namba ya TIP kwenye barua yenyewe. Wakikataa, geuza: nenda Lushoto na Tanga na Pangani kwanza bila kuvuka mpaka, na Taita iwe safari yake peke yake, kuingia na kutoka Holili. Kona zote utazipata, bahari utaiona, utakayoikosa ni Mombasa.


Kutoka: Bi Mkubwa wa Njiro

Kuikosa Mombasa! Fundi!


Kutoka: Fundi wa Pasua

Nimesema wakikataa, Bi.

Kijana, leta pikipiki Jumamosi saa mbili asubuhi, na ya binamu pia. Nataka kuona cheni, sproketi na spoki za gurudumu la nyuma, na pedi za mbele tubadilishe hata kama zina nusu. Sahani ya namba ikazeni kwa boliti mpya, michepuko ya Pangani inaing'oa. Na katika vijiji vyote kuanzia Mwanga hadi Segera kaeni 50, trafiki wa tochi (kipima mwendo) wako chini ya miti, na kontrol namba, yaani namba ya kulipia, ya faini inatolewa hapo hapo.


Kutoka: Mwalimu wa Sakina

Nakala za kila kitu ziwe seti mbili, moja kwako na moja kwa binamu. Na kijana, yule mtu wa Tarakea aliyerudishwa, mwombe aandike humu ilikuwaje. Mimi nataka kusikia walimwambia kifungu gani.