Mama kaishiwa gesi na sukari Moshi. Nitume pipa?

Dada wa Reading, Uingereza:

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Mama yangu yuko peke yake Pasua, Moshi. Jana kanipigia: mtungi umeisha maharage yakiwa nusu, duka analochukulia gesi siku zote halina, na Mangi wa duka la mtaani anampimia sukari robo robo. Nimeshaanza kujaza pipa: sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, maziwa ya unga. Kuna aliyetuma karibuni? Linafika baada ya muda gani?

Kaka wa Soweto, Moshi (nilirudi nyumbani 2019):

Dada, mpe mama pole. Pipa liache kwanza. Langu la mwisho lilichukua miezi mitano, na sabuni ya maji ilikuwa imepasuka ikaloweka maziwa yote. Harufu ya limau bado ninayo puani.

Halafu kutuma sukari Moshi! Kiwanda cha sukari cha TPC kiko hapo Arusha Chini, unafika kwa bodaboda. Lakini sikucheki, maana mwanzoni mwa 2024 na mimi nilinunua kilo kwa 4,500 hapa hapa mjini, wakati Bodi ya Sukari ilishatangaza bei elekezi. Mvua za El Niño zilikuwa zimevuruga viwanda nchini: matrekta na magari hayaingii shambani, na muwa wenyewe umejaa maji, sukari kidogo. Kinachozalishwa hapa si cha Moshi peke yake, malori yanakifuata kutoka mikoa isiyo na kiwanda. Ikabidi iagizwe ya nje. Sasa India, mzalishaji mkubwa, ilikuwa imebana kuuza sukari nje, na miezi hiyo hiyo meli nyingi zilikuwa zinakwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi, zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku kumi na zaidi juu ya safari ya kawaida. Hata mzigo usiopita huko unaumia, kwa sababu meli na makontena vinakuwa haba kwa kila mtu. Mwisho wa mnyororo huo ni Mangi na mizani yake.

Gesi nayo watu hudhani inatoka Mtwara. Ile ni ya bomba, inaendesha mitambo ya umeme na viwanda. Ya mtungi inakuja kwa meli, inashushwa Dar au Tanga, inapanda lori, Korogwe, Same, Mwanga, ndipo ifike Pasua. Ila safari hii nimeuliza, wala si meli. Wakala wa mtaa ule hakuwa na mitungi mitupu ya kutosha kurudisha, basi hakupewa iliyojaa. Mitupu iko majumbani kwa watu, imegeuzwa viti.

Kwa hiyo fedha ya pipa ifanye hivi. Mnunulie mama mtungi wa pili, kilo 15 akiweza kuuhimili, la sivyo sita; mmoja unatumika, mwingine umejaa unasubiri. Jiko la mkaa lisitupwe. Mangi mwachie hela kidogo mkononi kila mwanzo wa mwezi, atamwekea mama fungu lake kabla hajaanza kupimia wengine. (Hii ndiyo inayofanya kazi kuliko zote, wala hailipiwi ushuru.) Mafuta, achukue dumu la alizeti ya Singida, alifunike vizuri, lisikae juani. Na kama anameza dawa za presha, asisubiri zibaki mbili. Awe na za mwezi mzima mbele. Hizo ndizo ningeziogopa, sukari mtu anaweza kunywa chai bila.

Mzee wa Ngarenaro, Arusha:

Wanangu, nasoma hapa nacheka. Mpaka na Kenya ulifungwa Februari 1977, ukafunguliwa Novemba 1983. Miaka hiyo nilikuwa Moshi. Sabuni ilitoka Taveta usiku, na ukikamatwa nayo ni magendo. Isipopatikana, tulifulia majani ya mpapai. Duka la kaya likisemekana limeletewa mzigo, unaweka jiwe lako kwenye foleni, unakwenda shambani, ukirudi unakuta jiwe limesogea mbele. Wakati mwingine limesogea nyuma, hapo ni ugomvi.

Binti, mama yako ni wa rika hilo. Kabla ya kulia naye, mtu aangalie uvunguni mwa kitanda. Mke wangu ana kilo kumi za sukari huko mpaka leo, na kila siku ananiambia imeisha.

Dada wa Reading:

Shikamoo mzee. Marafiki zangu huku wamenitazama vibaya kwa jinsi nilivyocheka kazini. Kaka, hela nimetuma kwa simu sasa hivi, ya mtungi na ya Mangi. Pipa nimelifungua, sukari nakunywa mwenyewe.

Kaka wa Soweto:

Nimetoka Pasua sasa hivi. Mtungi wa pili uko jikoni kwa mama. Mangi kapokea hela, kaandika kwenye daftari, nimepiga picha ukurasa ule. Uvunguni nimeangalia nikijifanya natafuta kiatu: kilo sita, na sabuni za mche zimefungwa kwenye kanga. Mama ameniona. Ameniambia nisikwambie.