Nimeambiwa "umeota" mbele ya wateja, na programu ilikuwa imekaa kwenye folda yake

Mwani_Mkavu (mwenye uzi)

Assalaam alaykum waungwana. Naandika hali mikono bado inatetemeka, kwa hiyo atakayeona herufi imeruka anisamehe. Yule fundi wetu wa nyuma ya Darajani, ambaye sina haja ya kumtaja kwa sababu hakuna mwenye kompyuta Unguja hii ambaye hajawahi kusimamishwa mbele ya meza yake hadi miguu ikafa ganzi, leo mchana amenivua nguo mbele za watu. Ameniambia kwamba programu niliyoiweka kwa mikono yangu sikuiweka. Neno lake lilikuwa moja tu: "Umeota."

Nieleze kilichotokea, ingawa roho inanirudisha kwenye neno lile kila ninapoanza sentensi mpya. Nina jedwali refu la mauzo ya mwani ambalo nikilifungua kwa programu ya kawaida ya ofisi, kompyuta huhema mpaka adhuhuri. Kwa sababu hiyo nikaweka csvkit, kifurushi cha amri ndogo za kusoma majedwali, kwa kutumia pip, chombo cha kuweka programu za Python, kwenye Linux yangu ya Ubuntu 22.04, pip ikamaliza kazi yake na kuandika kuwa imefanikiwa, nikaandika csvstat, mojawapo ya amri zake, na terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ikanijibu kuwa amri hiyo haikupatikana. Nikaibeba kompyuta yangu ikiwa inawaka, nikampelekea bwana huyo. Hakuuliza nimeweka nini wala nimeweka kwa njia gani, hakuandika echo $PATH aone orodha ya folda ambamo kompyuta huzitafuta amri, hakufungua folda hata moja. Aliandika csvstat kwa kidole kimoja, akasoma jibu, akasonya, akakishusha kifuniko cha kompyuta kama mtu anayefunika kawa juu ya chakula kilichochacha, kisha akasema, "Bibie, programu hii hukuiweka. Umeota." Ndoto ikawa yangu na dawa ikawa yake: atapiga upya mfumo mzima kwa shilingi 30,000, na mafaili yangu nitafute pa kuyaweka mwenyewe.

Umeota! Kijana aliyekuja kubadilisha kioo cha simu akacheka. Muuza kahawa, ambaye haijui csvkit wala hana sababu ya kuijua, naye akacheka mpaka vikombe vikagongana. Kufikia magharibi naamini habari itakuwa imeshavuka bahari na kufika Mkoani.

Nimerudi nyumbani nikaandika ls ~/.local/bin, na zote zimo humo: csvstat, csvcut, csvsort, zimejipanga safu. Nikaiita csvstat kwa anwani yake kamili, ~/.local/bin/csvstat, ikaitika papo hapo na kulisoma jedwali langu lote. Tangu lini ndoto ikawa na anwani? Pip humwekea mtumiaji wa kawaida programu zake ndani ya folda hiyo, na faili la ~/.profile la Ubuntu huiingiza folda hiyo kwenye PATH pale tu mtu anapoingia kwenye akaunti yake, na pale tu linapoikuta ipo. Nilipoingia asubuhi haikuwepo, kwa kuwa pip ndiyo iliyokuja kuiunda baadaye. Ilitosha kutoka na kuingia tena. Yaani bwana yule angeizima tu kompyuta na kuiwasha, ningemwita bingwa na ningemlipa kwa heshima. Lakini alichofanya ni kushusha kifuniko, na kifuniko kikishushwa kompyuta husinzia tu, haimtoi mtu kwenye akaunti. Kompyuta ndiyo iliyosinzia, na mimi ndiye niliyeambiwa nimeota!

Ngambo_Kwetu

Pole sana bibie, hukuanza wewe. Bwana huyo huyo aliniambia kuwa Node yangu, ya kuendeshea programu za JavaScript, imeliwa na virusi, wakati nilikuwa nimeielekeza npm, chombo chake cha kuweka programu, iweke programu zake ndani ya ~/.npm-global na folda ya bin iliyomo humo haikuwa imeongezwa kwenye PATH. Aliniuzia programu ya kuua virusi ya Windows, na kompyuta yangu ni ya Linux.

Maalim_127

Nakuhurumia, lakini pip yenyewe huonya kwa maandishi ya manjano kwamba programu zimewekwa kwenye folda ambayo haimo kwenye PATH, na folda hiyo huitaja kwa jina. Kabla fundi hajakutukana, ulikwisha kuambiwa ukweli, tena bure.

Mwani_Mkavu

Maalim, maandishi hayo niliyasoma, na ndiyo niliyokwenda kumwonesha. Alisema kuwa ya manjano ni matangazo ya biashara. Matangazo! Ndipo alipokishusha kifuniko, ndipo aliposema umeota.

Kojani_Pwani

Nani alikutuma umpelekee terminali fundi wa vioo vya simu? Ungeiweka kwa apt, chombo cha Ubuntu yenyewe cha kuweka programu, ingeingia /usr/bin, ambayo imo kwenye PATH ya kila mtu tangu kompyuta inapowashwa, na muda huu ungekuwa unahesabu mwani wako kwa utulivu. Tatizo ni kwamba muuza kahawa angekosa kichekesho cha leo.

Mwani_Mkavu

Toleo lililomo kwenye apt ni la zamani, ndiyo maana nikatumia pip. Na hoja yangu si apt. Hoja yangu ni "umeota".

Wete_Bandarini

Nyinyi wa Ubuntu mnalia kwa raha. Mimi nina Mac yenye chipu ya M1, na Homebrew, chombo cha kuweka programu kwenye Mac, ilipoingia ilikwenda kukaa /opt/homebrew, ilhali kwenye Mac za Intel hukaa /usr/local, ambayo folda yake ya bin imo kwenye PATH siku zote. Nikamwuliza binamu yangu, anayejiita mhandisi hata kwenye kadi za mwaliko wa harusi, akaniamuru niandike mstari wa PATH ndani ya ~/.bashrc, faili la mipangilio la bash, programu inayopokea amri za terminali. Tangu macOS Catalina ya mwaka 2019 Mac mpya huanza na zsh badala ya bash, na zsh haijui ~/.bashrc ni mtoto wa nani. Ilikuwa niandike kwenye ~/.zprofile, kama Homebrew yenyewe inavyoelekeza mwisho wa kazi. Siku nzima binamu ananiambia nimekosea nukta.

Vuga_Ghorofani

Binamu ana nafuu. Ofisini kwetu yuko mtu wa tehama ambaye kila mmoja hapa anamjua, na alipotaka kuongeza folda moja kwenye PATH ya Windows alitumia amri ya setx, nayo hukata maandishi yanapozidi herufi 1024. Mkia wa PATH ukaenda na maji. Tangu siku hiyo tunaandika amri, Windows inajibu kuwa haizitambui, na yeye amewaandikia wakubwa barua kwamba chanzo ni kukatika kwa umeme.

Maalim_127

Sheikh, hata angeongeza kwa njia sahihi, dirisha lililokwisha funguliwa hubaki na PATH yake ya zamani mpaka lifungwe na kufunguliwa jengine. Watu wengi hurekebisha vizuri kisha hujaribu kwenye dirisha lile lile, wakakata tamaa na kuharibu walichokwisha kutengeneza.

Mwani_Mkavu

Jamani, naomba turudi kwenye suala la kuambiwa umeota. Hivi hamlioni uzito wake?

Kojani_Pwani

Tumeliona, bibie, tulia. Mimi kinachonichoma ni Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake. Unaweka fd-find, programu ya kutafuta mafaili, unaandika fd kama kila mwongozo unavyosema, unaambiwa haipo, kumbe wao wameiita fdfind kwa kuwa jina la fd lilikwisha chukuliwa na kifurushi chengine. Unaweka bat, ya kuonesha yaliyomo kwenye faili, huwenda ikakukuta jina ni batcat. Hapo PATH haina kosa lolote, na utaihangaikia hadi asubuhi.

Ngambo_Kwetu

Hata csvkit haina amri iitwayo csvkit. Nimewahi kumwona mtu akiliandika jina la kifurushi huku akiapa kwamba mtandao umemwibia.

Mkoani_Usiku

Nyote bado hamjakutana na balaa. Rafiki yangu mmoja, msomi wa kujitangaza, alinitumia mstari wa kubandika mwisho wa ~/.bashrc: export PATH=~/go/bin, folda ya programu za lugha ya Go, basi, bila ya :$PATH kufuatia ili orodha ya zamani ibaki. Nilipofungua dirisha jipya, go haikupatikana, ls haikupatikana, nano ya kurekebishia faili nayo haikupatikana. Nikampigia simu, akaniambia ni kawaida, nisubiri itulie. Itulie nini?

Maalim_127

Andika export PATH=/usr/bin:/bin kwenye dirisha hilo, kwa kuwa export imo ndani ya bash yenyewe na haitafutwi kwenye folda yoyote. Amri zako za kawaida zitarudi. Kisha fungua ~/.bashrc kwa nano na usahihishe mstari uwe export PATH="$PATH:$HOME/go/bin".

Mkoani_Usiku

Zimerudi. Allah akulipe kheri. Lakini kwa nini umeiweka folda yangu nyuma na si mbele?

Maalim_127

Kwa sababu bash hutafuta kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia, na huishia kwenye ya kwanza inayoikuta. Ukiitanguliza folda yako, siku utakayokuwa na faili liitwalo ls humo ndani, ndilo litakaloendeshwa.

Wete_Bandarini

Homebrew hujiweka mbele, na haijamdhuru mtu.

Maalim_127

Haijamdhuru mtu mpaka siku python3 yako inapobadilika toleo na hujui imetoka wapi. Andika type -a python3 utazame zinavyofuatana.

Wete_Bandarini

Nimeandika. Zimetoka tatu. Ya tatu ni ya nani?