Gandalf na Dumbledore wakikutana, nani anatoka mzima?

Mwana_Chumbageni
Wakuu, salaam. Barazani kwetu Ngamiani watu wamegawanyika toka alasiri: huku Gandalf, mchawi wa The Lord of the Rings, kule Dumbledore, mchawi wa Harry Potter. "Wangu ana nguvu zaidi" imetuchosha. Aliyevisoma vitabu atusaidie: wapigane umbali gani, wakiwa na nini, na tujuaje kuwa mmoja kashindwa? Na Voldemort, adui wa Dumbledore, mumtie, ana wakili wake hapa.

Bakora_Nyeusi
Shekhe, kubalianeni masharti kabla ya yote. Mkiyaacha wazi, kila mtu atamshindisha wake.

Hatua 20 uwanja mweupe, Dumbledore anashinda. Yeye hupiga kwa kupepesa kifimbo, hata bila kutamka neno, na la kwanza atakalofanya ni kumpokonya mwenzake fimbo. Gandalf kazi zake kubwa humla mwilini. Kule Moria, kwenye mapango ya chini ya milima, aliufunga mlango kwa neno la amri, Balrog, jini la moto, akasukuma kutoka upande wa pili, mlango ukapasuka vipande na mzee akabaki hoi. Moto nao hautoi hewani: kwenye theluji ya mlima Caradhras ilibidi apewe kuni ndipo awashe. Mkiwapambanisha kwenye mchanga mtupu wa Raskazone, silaha hiyo mmeipunguza nusu.

Wakianza wakiwa wamekaribiana mkono kwa mkono, mambo yanageuka. Gandalf ana upanga, Glamdring, na anajua kuutumia. Dumbledore hatembei na chuma.

Msomaji_wa_Pangani
Naungana na Bakora kwenye umbali, ila kuna sharti kubwa kalisahau: Gandalf mnayempambanisha ni yupi? Huyo si binadamu, ni Maia, kiumbe cha roho mfano wa malaika, aliyevishwa mwili wa mzee na kukatazwa kushindana na Sauron, adui mkuu wa hadithi ile, nguvu kwa nguvu. Mkimwondolea katazo hilo, hakuna pambano tena.

Na kufa kuhesabiwe vipi? Kwa kalenda ya kitabu alianguka na Balrog tarehe 15 Januari, akammaliza tarehe 25 juu ya kilele cha Zirakzigil, naye akafa. Alirudi, lakini alirudishwa, hakujirudisha. Kwa hiyo andikeni: atakayekufa kwanza kashindwa. Bila hivyo Voldemort naye atadai hajafa, kwa kuwa roho yake ameikata na kuificha vipande vipande. Ni siri ya Liongo hiyo, isipokuwa Liongo alikuwa na mlango mmoja tu, sindano ya shaba kitovuni, na mwanawe mwenyewe akaujua.

Wakili_wa_Voldemort
Mnazunguka tu. Laana ya kuua haina kinga. Ikitoka, kwisha.

Bakora_Nyeusi
Haina laana ya kuirudisha, hilo kweli. Kuzuilika inazuilika. Soma tena pambano lake na Voldemort kwenye Wizara ya Uchawi: Dumbledore aliziamsha sanamu za chemchemi, na ile ya nusu mtu nusu farasi ikaruka mbele yake, ikapokea laana, ikasambaratika. Laana ya baadaye ikamezwa nzima na Fawkes, ndege wake wa moto anayezaliwa upya, akawaka na kuanguka chini kifaranga. Kitu kigumu kikikaa katikati kinatosha. Ndiyo maana mahali pana uzito kuliko jina la laana: ukumbini penye nguzo na sanamu, Dumbledore, uwanja mtupu, Voldemort ana nafasi nzuri sana.

Na msije na hoja kwamba kile kifimbo kikuu cha Dumbledore hakishindwi. Mwaka 1945 kilikuwa mkononi mwa mchawi Grindelwald, na Dumbledore akamshinda.

Mwana_Chumbageni
Ahsanteni sana. Tumeandika hivi: hatua 20, ukumbi wenye nguzo nne, Gandalf wa Kijivu akiwa na katazo lake, ndege haingii, kufa mara moja kumetosha. Ged, mchawi wa vitabu vya Earthsea, je? Kuna kijana anasema Ged atamwita Voldemort kwa jina lake, "Tom Riddle", na kumshika, maana kule ukilijua jina la kweli la mtu unamtawala.

Msomaji_wa_Pangani
Hamshiki. Jina analotumia Ged ni la Lugha ya Kale, lile ambalo mtu hupewa kwa siri na mchawi anapobalehe. Tom Riddle ni jina la kuzaliwa, shule nzima ililijua. Mwacheni Ged apambane na joka.