Baada ya kuhamia Windows 11, folda ya pamoja dukani imekataa kufunguka. Je, ni hitilafu au ni ulinzi?

mwenye_steshenari

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Nina duka la steshenari mjini Morogoro lenye kompyuta mbili na diski ya mtandao iliyochomekwa kwenye ruta, ambamo tunahifadhi mitihani ya shule tunazozichapia. Kwa kuwa msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, Jumamosi jioni tuliipandisha kompyuta ya kaunta hadi Windows 11 Pro, toleo la 24H2, na mafaili yote yakabaki salama.

Jumatatu asubuhi, mwalimu akiwa amesimama mbele yangu anasubiri nakala zake, nilibofya folda ya mitihani nikaambiwa kwa Kiingereza kwamba sera za usalama za taasisi yangu zinazuia wageni wasiothibitishwa. Taasisi ipi? Hapa tupo watu wawili na mashine ya fotokopi. Ajabu ni kwamba kompyuta ya pili, ambayo bado ina Windows 10, inaifungua folda ileile bila kuuliza chochote.

Zaidi ya hayo, ngao ya Windows Security pale chini ya skrini imewekewa alama ya njano, ikisema kwamba kipengele cha Memory Integrity kimezimwa, na nikijaribu kukiwasha kinagoma. Kijana ninayefanya naye kazi anashauri tuzime ulinzi wote ili kazi iendelee. Naomba kueleweshwa kabla sijaharibu.

njia_ya_mkato

Yalinipata hayohayo, dada. Fungua PowerShell (dirisha la Windows la kuandikia amri) kama msimamizi, uandike Set-SmbClientConfiguration -EnableInsecureGuestLogons $true, kisha amri hiyohiyo ukiimalizia na -RequireSecuritySignature $false. Folda itafunguka papo hapo.

fundi_mitandao

Dada, amri alizokupa ndugu hapo juu zinafanya kazi kweli, lakini naomba usizitumie, na nitaeleza sababu.

Ujumbe ule umekuchanganya kwa sababu uliandikwa kwa kufikiria ofisi kubwa zenye idara ya kompyuta. Hakuna aliyekuwekea sera yoyote. Diski yako haikuwahi kudai jina wala nywila, kwa hiyo kompyuta ilikuwa ikiingia kama mgeni, na Windows 10 Pro ilikubali hivyo. Katika toleo la 24H2 la Pro, mambo mawili yamebadilika: kuingia kama mgeni kumefungwa, na kila kinachopita kati ya kompyuta na diski kinatakiwa kiwe na sahihi ya kidijitali, ili kompyuta ijue kwamba inazungumza na diski yenyewe na kwamba hakuna aliyebadilisha kitu njiani. Ufunguo wa sahihi hiyo hupatikana kutokana na nywila, na mgeni hana nywila, hivyo hawezi kutia sahihi. Ndiyo maana milango yote miwili imefungwa kwa pamoja.

Sasa tazama duka lako. Ikiwa wateja wanapewa nywila ya Wi-Fi, na Wi-Fi hiyo inatoka kwenye ruta ileile, basi mwanafunzi yeyote mwenye simu anaweza kuifungua folda ya mitihani kama ulivyokuwa ukiifungua wewe. Kwa maoni yangu, tatizo lilikuwapo siku zote. Kilichofanyika Jumamosi ni kulifichua.

Dawa yake haiumizi. Fungua ukurasa wa mipangilio ya diski, utengeneze mtumiaji mwenye jina na nywila, uondoe ruhusa ya wageni, kisha ubofye folda upya. Windows itakuuliza jina na nywila mara moja, nawe uweke alama ya kukumbukwa. Rudia hivyo kwenye kompyuta ya pili. Iwapo diski ni ya zamani kiasi kwamba inajua SMB1 pekee, yaani toleo la kale la itifaki (lugha) ambayo kompyuta hutumia kufungua folda za mtandao, hapo ni kuibadilisha tu, kwa sababu kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa kwa kupitia kasoro ya toleo hilohilo la itifaki.

Kuhusu alama ya njano, Memory Integrity huzuia draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) zisizoaminika zisiingie kwenye kiini cha mfumo. Kompyuta iliyopandishwa toleo hubeba draiva zake za zamani, na moja isiyolingana inatosha kukizuia kisiwake. Bofya orodha ya draiva zisizolingana, utuandikie ulichokiona. Ukikuta pia kwamba Smart App Control, kizuizi cha programu zisizoaminika, imezimwa, usihangaike nayo, kwani ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta zilizowekewa Windows 11 upya.

mwenye_steshenari

Nashukuru sana, fundi. Folda imefunguka, ingawa nilipoteza nusu saa nikiandika PIN ya kuwashia kompyuta mahali palipotaka nywila ya diski. Kwenye orodha kulikuwa na draiva moja tu, ya diski ya nje niliyoinunua zamani na ambayo ilishakufa. Imeandikwa oem23.inf. Je, niifute?

fundi_mitandao

Kama kifaa chenyewe hakipo tena, ifute. Katika dirisha la msimamizi andika pnputil /delete-driver oem23.inf /uninstall, uiwashe Memory Integrity, kisha uizime na kuiwasha kompyuta. Hakikisha namba ni hiyohiyo kabla ya kubonyeza Enter.

mhasibu_mstaafu

Naongeza jambo moja lililonitoa jasho mwaka jana. Kabla mtu yeyote hajagusa BIOS ya kompyuta hiyo (mipangilio ya msingi inayotangulia Windows kuwaka), andika manage-bde -status uone kama diski ya ndani imesimbwa na BitLocker, yaani kinga ya Windows inayofanya diski isisomeke bila ufunguo. Mimi sikujua kwamba yangu imesimbwa. Fundi alibadilisha mpangilio mmoja wa BIOS, na kompyuta ilipowaka ikadai ufunguo wenye tarakimu 48. Kwa bahati nilikuwa nimeingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo nikaukuta umehifadhiwa humo.

mwenye_steshenari

Nimetazama, mzee wangu, na kweli diski imesimbwa. Alama ya njano nayo imeondoka. Ufunguo nimeupata kwa amri ya manage-bde -protectors -get C: na nimeunakili nyuma ya daftari la madeni.

mhasibu_mstaafu

Daftari la madeni linalolala juu ya kaunta, mwanangu? Uhamishie penye leseni ya biashara.

mwenye_steshenari

Nimeuhamisha, na ule ukurasa nimeuchana.