Nyuki kwenye mjakaranda: nipasue shina, niweke koni au ningoje wahame?

Mkulima_Njoro
Habari za jioni wadau. Hapa kwetu Njoro kuna mjakaranda mzee nyuma ya zizi. Nyuki waliingia kwenye uwazi wa shina mwaka jana, na mlango wao uko juu kidogo ya kichwa changu, upana kama mdomo wa kikombe. Tuliishi nao salama mpaka juzi tulipowasha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Walitoka wote! Ndama aliyekuwa amefungwa hapo aliumwa vibaya, bahati nzuri amepona. Mama anataka wachomwe. Mimi nawataka, ila ndani ya mzinga. Nimeambiwa njia tatu: kupasua shina na kuhamisha masega, kuweka koni ya wavu mlangoni, au kutundika mzinga mtupu karibu na kungoja. Mliowahi kufanya, ipi inashika?

Kiboko_Yao
Mafuta ya taa nusu lita usiku, asubuhi unakunywa chai kwa amani.

MzeeWaMizinga
Wewe Kiboko, ukimaliza chai utakuwa na shina limejaa asali iliyooza na nta inayonukia, na msimu ujao kundi jingine litafuata harufu hiyo hiyo. Umeua bure.

Kijana wa Njoro, mzinga mtupu hautawatoa hao. Nyuki wenye asali na majana, yaani watoto wao, hawaachi nyumba kwa sababu jirani kajenga. Mzinga huo utakamata kundi linalojigawa mvua zikianza na maua yakiwa mengi. Upake nta ya zamani ndani, sugua na mchaichai, utundike. Lakini ujue unatega wageni, si hao.

Ja_Ahero
Nimepasua mara mbili, zote mti ukiwa umeshaanguka. Mara ya kwanza nilijiona fundi. Nikafunga kila sega nililokuta kwenye fremu za Langstroth, ule mzinga wa masanduku, yenye asali na yenye majana, mengine juu chini. Asali ikavuja, siafu wakaja usiku huo huo. Siku ya nne mzinga mtupu! Nyuki wetu hawa wakisumbuliwa wanahama, hawabembelezi.

Mara ya pili nilianza jua likizama, moshi wa taratibu, tochi nimeifunika karatasi nyekundu kwa sababu nyuki haoni mwanga mwekundu. Asali yote ndoo moja, na mfuniko. Masega ya majana pekee ndiyo niliyofunga kwa nyuzi za mgomba kwenye vijiti vya KTBH, ule mzinga wa Kenya ambao masega yananing'inia kwenye vijiti vya juu, upande wa juu ukabaki juu. Nyuki nikawakumba kwa bakuli. Ukiona walioko mlangoni wameinua mikia na kupiga mabawa, malkia huenda yumo ndani na wanawaita wenzao. Hao wamekaa.

Ila kwa mti uliosimama, tena karibu na ng'ombe? Mimi singepasua. Msumeno ukinguruma kwenye shina lenye nyuki, hata jirani wa tatu atakimbia.

Dada_Lurambi
Naunga mkono Ja_Ahero. Weka koni, lakini uwe na subira, ni wiki nne hadi sita.

Kwanza ziba kila ufa kwa udongo, ubaki mlango mmoja tu. Wengi hushindwa hapa: kundi lina mlango wa nyuma wasioujua, na koni inabaki pambo. Kisha pigilia koni ya wavu, urefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, ncha iwe na tundu la sentimita moja hivi. Nyuki anatoka kutafuta maua, akirudi anatafuta mlango kwenye shina, si kwenye ncha. Anazunguka, anachoka. Hapo ndipo mzinga wako unapohitajika, umeinuliwa kwenye jukwaa, mlango wake karibu kabisa na koni.

Malkia kwa kawaida hatoki. Kwa hiyo omba kwa mfugaji mwenzako sega moja lenye mayai na majana machanga, bila malkia. Wakilikuta watalilea na kujitengenezea malkia, anayechukua siku 16 tangu yai. Bila sega hilo unakusanya yatima, watazeeka na kuisha. Kibarua huchukua siku 21 tangu yai hadi kutoka, ndiyo maana mti hauishi nyuki kwa wiki moja. Chungulia ncha kila siku mbili, madume waliokufa huiziba.

Mwishoni, malkia mpya akishataga, toa koni. Wenye mzinga wataingia kwenye mti na kubeba asali yao wenyewe. Ikiisha, ziba shimo. Mti hujaugusa.

MzeeWaMizinga
Na ng'ombe, mbwa, kuku, wote wahame upande wa pili kabla hujapanda ngazi. Mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia. Ukiumwa, ondoa mwiba haraka kwa ukucha, maana unaacha harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wengine. Mtu akivimba uso au pumzi ikibana, hospitali mara moja.

Mkulima_Njoro
Asanteni sana. Koni basi. Mzinga nachukua KTBH, bei ya Langstroth imenishinda. Kuna mzee huku Rongai ana mizinga, nitamwomba sega kwa ahadi ya chupa ya asali. Wavu ninao wa banda la kuku.

Dada_Lurambi
Wa kuku una matundu makubwa, watapita wote wakikucheka. Tafuta wa dirisha, ule wa kuzuia mbu, wa waya.

Mkulima_Njoro
Upo mmoja, dirisha la jikoni kwa mama. Jumapili ataenda kanisani.