Naomba ushauri: Lalibela wakati wa Genna au Timkat?

Ndugu zangu, heshima kwenu. Nakusudia kumpeleka mama yangu Lalibela, mji wa milimani kaskazini mwa Ethiopia wenye makanisa 11 yaliyochongwa katika mwamba, lakini tunasita kati ya Genna, yaani Krismasi ya tarehe 7 Januari, na Timkat, sikukuu ya Ubatizo wa Yesu, ambayo kwa kawaida huwa tarehe 19. Genna hutanguliwa na mfungo mrefu usioruhusu nyama, mayai wala maziwa. Mimi nitatosheka kabisa na injera, mkate mwembamba wa Kiethiopia, kwa shiro, mchuzi wa unga wa jamii ya kunde, ila mama anatamani mno doro wat, mchuzi wa kuku wenye mayai. Kwa mliofika huko, je, mzee mwenye magoti dhaifu ataweza kushuka hadi kanisa la Bete Giyorgis, mojawapo ya hayo 11, katikati ya umati wa mahujaji? Na usalama wa eneo hilo la Amhara ukoje sasa?