Mjadala: Wanyama wa mwambani wasiodumu nyumbani, wapigwe marufuku kuuzwa?

Mleta hoja

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kuzunguka. Kuna wanyama watatu wanaoendelea kung'olewa mwambani na kuuziwa watu wa majumbani ilhali wengi wao hawamalizi mwaka kwenye tangi: anemoni mkubwa *Heteractis magnifica* (mnyama laini anayefanana na ua), kiti cha pweza wa buluu *Linckia laevigata*, na tumbawe laini lenye rangi kali la *Dendronephthya*. Mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, unabana biashara ya matumbawe magumu yote na makombe makubwa ya *Tridacna*, lakini hao watatu hawamo. Hakuna kibali cha CITES kinachodaiwa juu yao.

Hoja yangu ni kwamba wauzwe waliozalishwa kwenye matangi tu. Waliotoka baharini waende kwenye akwariamu za umma na vyuo, basi. Anayepinga aje na vipimo.

Fundi Chumvi

Napinga kwa upande wa anemoni. Huyo hafi kwa sababu hafugiki, anakufa kwa sababu anafika mgonjwa na mnunuzi anamtupia moja kwa moja kwenye tangi kubwa.

Uchaguzi kwanza. Mdomo uwe umefumba, unyayo anaojishikizia jiweni usiwe na mchaniko, minyiri inate kidoleni. Rangi ya mwili iwe na ukahawia chini yake, maana ule ukahawia ni mwani mdogo unaoishi ndani yake na kumlisha kwa mwanga. Mweupe pe amepauka, mwani umemtoka. Wa manjano kali au zambarau isiyo ya kawaida mara nyingi amepakwa rangi juu ya kupauka. Muache hapohapo dukani.

Akifika, asiingie tangi kuu. Andaa tangi la pembeni la lita 40, chini kutupu bila mchanga, hita ya nyuzi 25 hadi 26, pampu ndogo iliyofunikwa sponji, na taa. Ukiona anasinyaa mchana na kutuna usiku, siku baada ya siku, hiyo ni dalili ya maambukizi ya bakteria. Wafugaji hutumia sipro (siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria) miligramu 250 kwa lita 40, kila siku kwa siku 7. Dawa itiwe jioni taa zikishazimwa, kwa kuwa mwanga unaivunja. Jioni inayofuata badilisha maji yote kwa maji mapya yenye joto na chumvi ileile, halafu tia dozi nyingine. Usimlishe. Na usithubutu kuitia dawa hiyo kwenye tangi kuu, itaua bakteria wa chujio na amonia, sumu itokanayo na uchafu wa wanyama, itapanda.

Akikaa siku 3 mfululizo bila kusinyaa, dawa imeshika. Mpe wiki nyingine ya kumtazama ndipo ahamie tangi la lita 400 kwenda juu, lililokomaa mwaka mzima, na awekwe juu ya jiwe lililosimama peke yake ili asitambae kuunguza matumbawe ya jirani. Mwanga uanze hafifu na upandishwe kwa wiki kadhaa. Kila mdomo wa pampu ufunikwe, kwani anemoni akinyonywa na pampu usiku, asubuhi unakuta supu na samaki wote wamelala ubavu.

Bahari Kwanza

Fundi, maelezo yako ni sahihi na ndiyo yanayonifanya niunge mkono marufuku. Umeandika utaratibu wa hospitali. Tangi la pili, lita 40 za maji ya chumvi yaliyochanganywa upya kila jioni kwa wiki nzima, maji ambayo lazima yatokane na maji yaliyochujwa hadi kipimo cha vitu vilivyoyeyuka majini kisome sifuri. Hizo ni lita 280 kabla mnyama hajaingia nyumbani kwake. Mnunuzi wa kawaida ana tangi moja na ndoo mbili.

Halafu sipro ni dawa ya binadamu. Yale maji yenye dawa yanamwagwa wapi? Kwenye sinki. Tunahangaika na usugu wa dawa mahospitalini, kisha tunazimwaga kwenye mtaro kwa ajili ya pambo la sebuleni. Hapo siwezi kukubali hata kama mnyama anapona.

Kuna utafiti wa Shuman, Hodgson na Ambrose uliochapishwa mwaka 2005 kutoka Cebu, Ufilipino. Maeneo yanayovunwa yalikuwa na anemoni wachache na samaki wa anemoni, wale wanaoishi kati ya minyiri yake, wachache kuliko yasiyovunwa. Samaki hao hawana kwingine kwa kutagia. Ukimchukua mwenye nyumba umewafukuza wapangaji wote.

Kipima Maji

Tusiwafunge wote kwenye kapu moja. Shida za hawa watatu hazifanani.

*Dendronephthya* halina mwani ndani yake, kwa hiyo taa haimsaidii kitu. Fabricius, Benayahu na Genin walionyesha mwaka 1995, kwenye Bahari ya Shamu, kwamba tumbawe hili linakula mimea midogo inayoelea majini, inayopitishwa na mkondo. Kwenye tangi maana yake ni chakula chembamba sana, kinachoingia muda wote kwa pampu ya dozi mchana na usiku, na mkondo usiokatika. Ukikitia cha kutosha, nitrati na fosfati zinapanda na mwani wa kijani unafunika kila jiwe. Ukiweka mashine kubwa ya povu, inayotoa uchafu majini, kuzuia hilo, inakiondoa chakula kabla hakijaliwa. Ukipunguza chakula, linanywea taratibu: matawi yanalegea, linakuwa dogo kila wiki, halafu shina linaoza kuanzia chini. Huo ndio mtego wenyewe, na hakuna kifaa cha dukani kinachoutegua. Hili nalikubali lipigwe marufuku leo.

Lakini mtu asiseme kila tumbawe lisilo na mwani halifugiki. *Tubastraea*, lile la machungwa, nalo halina mwani, ila lina midomo mikubwa inayomeza kamba wadogo walioyeyushwa barafu. Mwagia juisi ya chakula kidogo, subiri dakika 20 hadi 30 midomo ifunguke, zima pampu, lisha mdomo mmoja mmoja kwa bomba dogo, mara tatu kwa wiki. Mdomo unaorukwa unakufa, kwa hiyo usibahatishe. Likilishwa hivyo linazaa humohumo tangini.

Mleta hoja

Na kiti cha pweza?

Kipima Maji

Huyo anauawa mara mbili. Mara ya kwanza siku ya kufika. Mwili wake hauna namna ya kurekebisha chumvi, unafuata maji yaliyouzunguka. Kipimo cha chumvi cha maji ya mfuko kikiwa 1.022 na cha tangi lako 1.026, ukimhamisha ghafla utaona mabaka meupe mikononi baada ya siku chache, kisha nyama inalegea na kuyeyuka.

Wengi wakisoma hivyo wanakimbilia kudondosha maji ya tangi tone kwa tone kwa saa nne ndani ya mfuko uleule, na hapo wanamuua kwa njia nyingine. Safarini mfuko umejaa hewa chafu ya pumzi inayoshusha pH, yaani kuyaongezea maji asidi, na pH ikiwa chini amonia inakaa katika hali isiyo na sumu kali. Ukifungua mfuko ile hewa inatoka, pH inapanda, amonia inageuka sumu wakati mnyama bado ameloa humo. Dawa ni kugeuza mpango: pima chumvi ya mfuko mara tu ukiufungua, tengeneza tangi la pembeni lenye chumvi hiyohiyo, mhamishe bila maji ya mfuko na bila kumwacha apigwe na hewa, kisha pandisha chumvi kwa 0.001 kwa siku.

Kifo cha pili ni njaa. Anatoa tumbo nje na kulamba utando ulioota juu ya mawe. Tangi la lita 200 utando unakwisha, naye anaendelea kutembea kwa miezi huku mikono ikinywea. Mwenye tangi anadhani yuko salama kwa sababu anatembea.

Mzamiaji wa Pwani

Nawasikia, ila mnaongea kama mnyama anazaliwa dukani. Wazamiaji wa samaki wa mapambo huku Kenya wanalipwa kwa kichwa. Anayelipwa kwa kichwa hana sababu ya kuchukua nusu saa kumbembeleza anemoni aachie jiwe. Anapenyeza kitu unyayoni, anakwangua. Ule mchaniko ndio mlango wa bakteria ambao Fundi anautibu kwa sipro.

Anemoni hutoka salama ukimsugua ukingo wa unyayo kwa ncha ya kidole, polepole, sehemu moja baada ya nyingine mpaka ajiachie mwenyewe. Akiwa amejichimbia ndani ya ufa, huachwa. Marufuku ya jumla itafunga riziki ya anayefanya hivi sawa na ya anayekwangua. Indonesia ilisimamisha usafirishaji wa matumbawe mwaka 2018, na ilipofungua tena mwaka 2020 ilifungulia yaliyopandwa kwenye mashamba ya baharini. Katikati hapo watu walikaa bila kazi. Mkitaka marufuku, shamba litangulie.

Bahari Kwanza

Shamba kwa anemoni yupi? *Entacmaea quadricolor* sawa, anajigawa mwenyewe, na hata akikatwa katikati ya mdomo kwa wembe mkali nusu zote mbili zinapona. Huyo tayari anapatikana bila kugusa bahari. *Magnifica* hajigawi kwa urahisi hivyo.

Fundi Chumvi

Kuhusu umri niseme jambo moja. Kule Uskoti, anemoni mdogo wa pwani aliyechukuliwa na John Dalyell mwaka 1828 alikaa kwenye chupa ya maji ya bahari hadi 1887, akirithishwa mtu hadi mtu. Ni aina nyingine na ngumu zaidi, ila inaonyesha anemoni hana saa ya kufa. Anayekufa mwezi wa pili tangu anunuliwe ameuawa na jambo fulani linalotajika.

La sipro kwenye sinki, Bahari Kwanza, sina jibu la kulitetea. Ndiyo maana matibabu yafanywe na msafirishaji sehemu moja yenye usimamizi wa daktari wa mifugo, si majumbani.

Mleta hoja

Basi narekebisha hoja. *Dendronephthya* na *Linckia* zibaki kwenye marufuku. Anemoni atoke, kwa sharti kwamba msafirishaji akae naye siku 14 kabla ya kumtoa, asiuzwe aliyepauka wala aliyechanika, na mzamiaji alipwe bei kamili kwa aliyepita siku hizo.

Mzamiaji wa Pwani

Hapo kwenye malipo ndipo sijakubali. Mnyama akifa siku ya 10 kwa hita ya msafirishaji kuzimika, hasara ni ya nani? Mzamiaji alipwe nusu ufukweni baada ya unyayo kukaguliwa mbele yake, na nusu siku ya 14. Ukaguzi wa unyayo unachukua dakika moja: anageuzwa ndani ya beseni la maji, unatazamwa, unaandikwa. Mkiliweka hilo kwenye sharti, mtaona kukwangua kunapungua hata kabla sheria haijasainiwa.